Kwa Kijana Aliyeniletea Bloku ya 62

Mwanangu,

Jumapili ulinikuta nimekaa nje ya karakana yangu hapa Runyenjes, ukaweka juu ya benchi kitu kizito kilichofungwa kwa gazeti. Nilipofungua nikaona bloku mpya, bado ina mafuta ya kiwandani, pamoja na pistoni, ringi, pini na gasketi mbili ndani ya mfuko. Nikachukua kalipa nikapima mdomo wake: milimita 62. Ukasema, "Guka, nataka ile 125 yangu iwe 150. Kazi nitaifanya mwenyewe nyumbani, chini ya makadamia. Wenzangu wa Maua wamefanya, na ni spana tu."

Siku ile sikukujibu. Kanisa lilikuwa limetoka, watu walikuwa wengi, na sikutaka kulijibu jambo hili nikiwa nimesimama. Nakujibu leo, na wenzako wa steji wasikie pia, kwa kuwa wewe ni wa nne kuniuliza tangu mwaka uanze.

Najua kinachokusumbua. Barabara ya Embu kwenda Meru imekata mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, mmoja baada ya mwingine: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, na Kathita pale Meru mjini. Kila mto una mteremko wake, na ng'ambo ya kila mteremko kuna mlima wa kupanda. Ukiwa na abiria na gunia, 125 inaanza kulia katikati ya mlima, unashuka gia ya tatu, unashuka ya pili, na kijana mwenye 150 anakupita bila hata kukutazama. Najua pia biashara inavyokwenda. Miraa ikichumwa Igembe alfajiri, saa inaanza kuhesabu. Zikipita siku mbili hivi imenyauka na hakuna mtu wa kuinunua. Muguka wa Mbeere ni hivyo hivyo. Mwenye mzigo hampi kazi mtu anayesukuma pikipiki mlimani. Kwa hiyo unapotaka nguvu, unataka riziki, na sina neno baya la kukuambia juu ya hilo.

Lakini umeniletea bloku kabla ya kuniletea pikipiki niipime. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Injini uliyo nayo ina ukoo, hata kama kwenye tangi kumeandikwa jina la Kichina. Ukoo wake ni Honda CG125 ya mwaka 1976. Kabla ya kuitengeneza, wahandisi wa Honda walitembelea nchi kama zetu wakaona jinsi pikipiki zinavyotumika huko: mizigo kupita kiasi, vumbi, oili inayokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Injini zao za wakati ule, zenye kamu juu ya hedi na chaini ya kuizungusha, zilikuwa zinakufa mapema. Wakaamua kurudi kwenye mtindo wa zamani wa fito zinazosukuma valvu kutoka chini, kwa sababu unavumilia uzembe wa mwenye chombo. Baadaye viwanda vya China vikaiga injini ile, na hapa kwetu, serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo za chini ya cc 250 karibu mwaka 2008, zikajaa kila kijiji. Kabla ya hapo mimi nilikuwa natengeneza pikipiki za mabwana shamba na makatekista, na wiki nzima ingepita sijaona zaidi ya tano.

Nakueleza haya ili ujue kwamba umerithi injini iliyotengenezwa na watu waliokufikiria. Unene wa konrodi, upana wa mapezi ya kupoza, oili ikae kiasi gani chini, vyote hivyo walivikadiria pamoja. Ukibadilisha kimoja, vingine vinabaki vilivyokuwa.

Sasa chukua kalamu. Silinda ya 125 yako ina upana wa milimita 56.5, na pistoni inatembea milimita 49.5 kutoka chini hadi juu. Ukipiga hesabu utapata cc 124. Bloku uliyoleta ni 62, na kwa kuwa krenki hubadilishi, mwendo wa pistoni utabaki 49.5. Hesabu itakupa cc 149. Umeongeza cc 25, na kweli utazisikia mkononi. Ila uso wa pistoni umekua kwa asilimia 20, maana yake kila mlipuko unaisukuma konrodi na beringi za krenki kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 20. Konrodi ni ile ile iliyobeba vumbi la miaka sita. Beringi ni zile zile.

Tuje kwenye hedi. Juu ya pistoni kuna kachumba ambamo petroli na hewa hubanwa kabla ya cheche kupiga. Tuseme injini yako inabana mara 9. Basi kachumba hako kana cc 15 na nusu hivi. Ukifunga bloku kubwa ukaacha hedi ile ile, na uso wa pistoni mpya ukiwa bapa kama wa zamani, sasa unalazimisha hewa ya cc 149 iingie kwenye kachumba kale kale, na injini itabana zaidi ya mara 10 na nusu. Kwa petroli safi huenda ikavumilia. Lakini wewe unanunua petroli wapi? Ukiishiwa kule Ishiara unanunua ya chupa kando ya barabara, na hujui imechanganywa na nini. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulikuwa kumezoeleka nchini hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wasipate faida. Petroli iliyochanganywa ikibanwa sana hulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia ndani kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, hasa mlimani ukiwa na mzigo. Vijana husema ni sauti ya nguvu. Ni sauti ya pistoni inayopigwa nyundo.

Kisha kabureta. Jeti yako ilitobolewa kwa ajili ya cc 124. Ukiweka silinda kubwa, hesabu ya petroli na hewa inaweza kuhama, na ikihamia upande wa hewa nyingi na petroli kidogo, injini inachemka. Hata urefu wa mahali kutoka baharini unaingia humu. Embu mjini ni mita 1,350 hivi. Timau inazidi mita 2,000 na hewa yake ni nyepesi. Pikipiki iliyosetiwa kule juu halafu ikateremshwa Isiolo au Mbeere inakutana na hewa nzito kuliko iliyozoea, na petroli inakuwa haitoshi. Mtu hawezi kusema "weka jeti fulani" akiwa hajui unakaa wapi na unakwenda wapi.

Haya yote nayajua kwa gharama, na gharama yenyewe nitakuambia.

Mwaka 2011 alinijia kijana mmoja aliyekuwa akibeba muguka kutoka Kiritiri kwenda Embu. Ombi lake lilikuwa lako, neno kwa neno. Nilikuwa fundi wa miaka mingi, nimezoea kusifiwa, nikaona ni kazi ndogo. Nikaenda nyumbani kwao na sanduku la spana, nikaifungua injini chini ya mti, nikaweka bloku ya 62, na kabla jua halijazama ikawa inanguruma. Sikupima nafasi kati ya pistoni na silinda. Nilisema imetoka kiwandani, wamekwisha pima. Ringi sikuziingiza kwenye silinda kuangalia pengo lake. Jeti niliiacha ile ya zamani. Kijana akapanda mlima mbele yangu, akarudi akicheka, na mimi nikacheka naye.

Wiki tatu ilivuta vizuri sana. Siku moja mchana, jua la Mbeere likiwa kali, akiwa na gunia nyuma na amekaza mkono kwenye tambarare kabla ya mlima, injini ilikamata ghafla. Pistoni ilishikana na silinda, krenki ikasimama, na kwa kuwa gia ilikuwa imeingia, gurudumu la nyuma likasimama pia. Hakupata hata nafasi ya kubana klachi. Mguu ulivunjika sehemu mbili.

Nilipoifungua ile injini nikaona kosa langu limeandikwa waziwazi. Upande wa eksozi, alumini ya pistoni ilikuwa imepakaa kwenye ukuta wa silinda kama siagi kwenye mkate. Ncha za ringi ya juu zilikuwa zinang'aa, ishara kwamba chuma kilipanuka kwa joto hadi zikagusana na kusukumana. Plagi ilikuwa nyeupe kama unga. Kila kitu nilichokuwa nimeacha kupima kilikuwa pale mezani kinanitazama.

Niliuza ng'ombe nikasaidia gharama za hospitali. Mguu ulipona, lakini hadi leo anachechemea, na pikipiki hakurudia. Mama yake hakunilaumu hata siku moja. Kila nilipokwenda kumjulia hali mwanawe alinipa chai. Nilikunywa chai ile kwa taabu kubwa. Tangu wakati huo sifungi bloku ya mtu ambaye pikipiki yake sijaipima, na sitaki wewe uanzie pale nilipokosea.

Lakini tuseme kila kitu ndani ya injini kimekaa sawa. Bado kuna kusimama. Breki zako mbele na nyuma ni za shuu ndani ya ngoma, zilizokusudiwa pikipiki inayotembea taratibu. Uzito wa kusimamisha chombo hauongezeki kwa kadiri mwendo unavyoongezeka, unaongezeka zaidi. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 80, nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza imeongezeka kwa karibu asilimia 80. Sasa teremka Thuci ukiwa na watu wawili nyuma, ingawa kanuni za mwaka 2015 zinasema abiria mmoja, na mnajua, na mnabeba hata watatu. Au teremka Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale darajani likaua zaidi ya watu 30, na waliosafiri njia hiyo wanajua si mara ya kwanza mteremko ule kuchukua watu. Sijamsikia kijana hata mmoja akiniletea shuu mpya za breki zimefungwa kwa gazeti. Mnaniletea bloku.

Kwa hiyo nirudi kwenye pikipiki yenyewe, kwa sababu nina shaka kubwa kwamba 125 yako haina cc 124 za kufanya kazi. Ina cc 124 kwenye logbuku. Nilikuwa nikiisikiliza ulipoiwasha kuondoka. Ilitoa moshi wa bluu kidogo, ambao ni oili inayopita kwenye ringi. Ulipokaza, sauti ilipanda kuliko mwendo, na hiyo ni klachi inayoteleza. Pale hewa inapoingilia, lile chujio la sponji ndani ya boksi lake, nadhani halijaoshwa tangu kiangazi, na wewe unakula vumbi la maramu kila siku. Injini inayopumua kupitia kitambaa cha matope haiwezi kupanda mlima, iwe ya 125 au ya 200.

Nimeyaona haya mara nyingi hapa benchini. Kijana anakuja analalamika injini ni ndogo. Tunaosha sponji, tunaseti valvu, tunasafisha kabureta, tunabadilisha plagi na pleti za klachi, tunatia oili mpya, tunarekebisha chaini. Anapanda, anarudi anauliza, "Guka, umeweka nini?" Sikuweka kitu. Nimemrudishia alichonunua. Wengi wao hawakurudi tena kuuliza habari za bloku.

Kama baada ya hapo mlima bado unakushinda, kuna dawa ya bei ndogo ambayo haigusi ndani ya injini: sproketi ya nyuma. Ikiwa ina meno 42 ukaweka ya 45, nguvu inayofika gurudumuni inaongezeka kwa asilimia 7 katika kila gia. Mwendo wa mwisho unapungua kwa kiasi kama hicho, na kwa mtu anayebeba mzigo Runyenjes kwenda Kanyuambora hiyo si hasara. Kazi ni ya saa moja, na usipoipenda unarudisha ya zamani. Hakuna mtu aliyewahi kuvunjika mguu kwa sababu ya kuongeza meno matatu.

Wenzako wenye Boxer nao wasikilize kidogo. Ile mnayoiita 150, silinda yake ni 56 na mwendo wa pistoni ni 58.8, na hesabu yake ni cc 144.8. Injini hiyo imetegemea mwendo mrefu wa pistoni, haikutegemea upana. Zile pistoni za saizi ya juu mnazouziwa, za robo, nusu, robo tatu hadi milimita moja kamili, zimetengenezwa kutibu silinda iliyolika. Hata ukifika ile ya mwisho kabisa, kutoka 56 hadi 57, umepata cc 5 tu. Anayekuuzia akikuambia utaruka, anataka pesa yako.

Najua wewe ni mbishi, na ubishi wako naupenda kwa sababu ndio uliokufanya ujifunze kufungua kabureta peke yako. Basi tuseme umefanya hayo yote na bado unataka 150. Sitakukataza. Pikipiki ni yako na mkono wako ni mzuri. Nitakuambia tu jinsi kazi yenyewe inavyopaswa kufanywa, na utaona kwamba spana ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Ukishatoa bloku ya zamani, pima shimo la kesi ya krenki kabla ya jambo lingine lolote. Shingo ya bloku ya 62 ni nene kuliko ya zamani, na kuna kesi inaipokea na kuna kesi inaikataa. Ikikataa, usichukue tupa ukaanza kukwangua huku krenki iko ndani; unga wa chuma utaingia kwenye beringi na umeua injini kabla haijawaka. Shika konrodi, ivute juu na chini ukiwa umeituliza. Ikigonga hata kidogo kama jino linalotikisika, simama hapo. Krenki hiyo haistahili kupewa mzigo wa ziada.

Nunua hedi iliyotengenezewa 150, usilazimishe ya zamani. Chukua ringi moja moja, iingize kwenye silinda ikiwa tupu, isukume kwa uso wa pistoni ili ikae sawasawa, kisha pima pengo la ncha zake kwa fila geji. Kwa silinda ya ukubwa huu nataka nione robo ya milimita hivi. Ikiwa zimebanana, zipunguze kwa tupa ndogo, pole pole, ukipima kila baada ya kupitisha mara mbili. Pistoni nayo iwe na nafasi yake, sehemu tatu hadi tano za mia za milimita, yaani 0.03 hadi 0.05. Kidole hakiwezi kupima hiyo. Jicho haliwezi. Hiyo inataka maikromita, na maikromita chini ya makadamia hakuna. Hapa kwangu ipo, na kwenye vyuo vya ufundi, Rwika kule Mbeere, au Nkabune na Meru National Polytechnic kwa wale wa upande wa pili, wapo walimu wenye vifaa hivyo na wanaofundisha jinsi ya kuvitumia. Ningefurahi sana kukuona unafanya mtihani wa ufundi wa NITA, ukaanzia Gredi ya 3. Una kichwa cha kufika ya 1.

Halafu kuosha. Hapa nataka unisikilize kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapa ndipo mafundi wazuri huharibu kazi nzuri. Silinda mpya, au iliyosuguliwa kwa mawe ya kusagia, ina mistari midogo iliyopishana kama mkeka. Ndani ya mistari hiyo kuna unga wa mawe usiouona. Petroli haiutoi, petroli inauhamisha tu. Chemsha maji, tia sabuni ya kufulia, chukua brashi, uisugue silinda kama unavyosugua sufuria iliyounguza ugali. Yamwage maji, rudia. Kisha kausha haraka, paka oili safi kwa kitambaa cheupe, ufute. Kitambaa kitatoka kijivu. Rudi kwenye maji ya moto. Mke wangu alikuwa akishangaa kuniona nafua chuma jikoni kwake. Siku kitambaa kitakapotoka cheupe kama kilivyoingia, hapo silinda ni safi, na si kabla.

Kufunga, wajua: mshale wa pistoni uangalie unakotakiwa, vipini vya kuzuia pini viwe vipya, nati za hedi uzikaze kwa kupishana, kidogo kidogo. Baada ya hapo anza na jeti kubwa kidogo, tembea, zima injini ukiwa unakaza, ufungue plagi uitazame. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, uko salama. Ikiwa nyeupe, usiende popote. Na kilomita 500 za kwanza hakuna gunia, hakuna abiria wawili, hakuna mashindano na vijana wa Maua. Oili uimwage mapema, ukiona imejaa vumbi la kung'aa usiogope, lile ni la kwanza.

Na kuna karatasi. Logbuku yako inataja ukubwa wa injini. Ukiubadilisha, unatakiwa kuwaarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kumbukumbu zifanane na chombo. Namba ya injini iko kwenye kesi na haitabadilika, kwa hiyo askari wa barabarani huenda asitambue. Lakini siku ya ajali, bima yako iliandikwa kwa 125. Mtu wa bima akifungua hedi akakuta 62, atakuwa na sababu ya kukunja mikono, na aliyeumia atakuja kudai kwako na kwa shamba la baba yako. Jambo hili vijana hulichukulia kama la watu wa mjini. Nimeona shamba likiuzwa.

Hayo ndiyo niliyonayo, mwanangu. Baba yako alinunua pikipiki ile kwa pesa za majani chai za bonasi mbili, na mama yako kila jioni anasikiliza mlio wake ukipanda kilima. Nataka aendelee kuusikia.

Bloku yako nimeifunga tena kwenye lile gazeti, nimeipaka oili isishike kutu, iko kwenye rafu karibu na makopo ya grisi. Haiendi mahali. Njoo Jumamosi saa moja asubuhi, na usiiendeshe pikipiki kuja. Isukume, ni mteremko tu kutoka kwenu. Valvu zinasetiwa injini ikiwa baridi. Tutaanza nazo, kisha breki za nyuma.